Mgeni wa Saa Moja Jioni

Kama una picha za harusi yako, za mtoto wako akiota meno, za mama yako kabla hajazeeka, na zote umeziweka kwa kampuni usiyojua hata mlango wa ofisi yake, basi Fundi Waya alikuwa na neno nawe. Alikuwa nalo hata kama hukumwuliza. Ungekwenda kumwomba atazame kwa nini intaneti inakatika chumbani kwako, ukarudi na somo zima juu ya nani mwenye mali kati yako na hiyo kampuni, na intaneti bado inakatika, kwa sababu ulisahau ulichoendea.

Jina la Waya alilipata kazini. Alikuwa fundi wa simu za mezani, wale wa kupanda nguzo na koleo kiunoni, na simu za mezani zilipokufa akastaafu pamoja nazo. Wenzake walikwenda kufuga kuku. Yeye akachukua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, akafuta mfumo wake wa kulipia leseni, akaweka Linux, mfumo usiolipiwa, akaikalisha stoo, jikoni, kwenye rafu ya unga. Hapo ikawa seva ya nyumba. Picha za ukoo, vyeti, sauti za watu wakiimba vibaya kwenye sherehe, vyote vikalala ndani ya kuta zake mwenyewe. Mkewe alipoona mume anaamkia stoo kabla hata ya chai, akaibandika mashine jina: mke mwenza. "Mwenzangu kaamkaje?" angeuliza, na Fundi angejibu bila aibu kwamba kaamka salama, joto lake zuri.

Mtaani walimcheka na kumfuata kwa pamoja. Ruta, aliwaambia, usiifungie kabatini na vyombo halafu ulalamike haifiki chumbani. Hiyo siyo sufuria. Kitu kisichotembea, kama televisheni, kipe waya, hewa waachie wenye miguu. Nenosiri lililobandikwa chini ya ruta libadilishe siku hiyohiyo, maana analijua kila mtu mwenye ruta kama yako. Diski mbili zinazoigana usiziite nakala: ukifuta kwa makosa kwenye hii, na ile inafuta, tena kwa heshima na taadhima. Nakala ni ile iliyoko nyumba nyingine, kwa mtu ambaye hamjagombana. Na kama huna subira ya kusoma, alimalizia, usianze kabisa, rudi kwa hao wenye kampuni, walale na picha zako.

Hayo yote aliyasema kwa sauti kubwa. Lililokuwa moyoni mwake hakulisema kwa sauti yoyote.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Binti alikwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye maabara ya meno, kule wanakochonga meno ya bandia moja moja kama vito. Alikwenda kwa amani, mama yake akiwa hai. Kisha mama akaugua ghafla, akafariki, binti akaja akazika, akakaa wiki chache akifua na kupanga nguo za marehemu, na siku zake za kuondoka zilipokaribia akamwambia baba yake twende. Alikuwa na chumba cha ziada. Alikuwa ameshauliza mambo ya viza.

Fundi alikuwa amesimama mlango wa stoo. Alikuwa na mengi ya kujibu. Angeweza kusema anaogopa kuzeekea kwenye lugha ya watu. Angeweza kusema kaburi bado bichi. Badala yake, kwa kuwa ulimi wa mtu mwenye majonzi hauna akili, akasema, "Sasa nikienda, hii mashine nani ataitunza?"

"Mama aliivumilia kama mke mwenza," binti akasema. "Mimi kuwa mtoto wa kambo wa mashine, Baba, siwezi. Kaa nayo."

Akaondoka. Tangu hapo zikawa zinakuja salamu fupi za sikukuu, za neno moja moja, zile ambazo simu yenyewe hukupendekezea. Fundi naye alijibu kwa neno moja, kwa sababu kiburi alichokuwa nacho binti hakukiokota barabarani. Dada yake Fundi, mdogo wake wa kumfuata aliyehamia pale baada ya msiba, alijaribu mara kadhaa. "Kaka, mpigie mtoto." "Nitampigia." "Lini?" "Nimesema nitampigia." Hakupiga. Namba alikuwa nayo, na alikuwa akiifungua, akaitazama, akaifunga.

Hakupiga kwa sababu alikuwa na siri iliyomtosha.

Kila seva huandika yenyewe nani kaja mlangoni, saa ngapi, kaomba nini. Jioni moja, muda si mrefu baada ya binti kuondoka, Fundi alikuwa akipekua maandishi hayo ili tu macho yake yawe na kazi, akaona anwani ya kule ng'ambo, mji uleule anaoishi binti. Ilikuja saa moja jioni. Ilifungua ukurasa wa kwanza wa albamu ya nyumbani, ambao juu yake alikuwa ameweka picha ya marehemu akicheka, mkono ukiwa na unga. Kisha ikaondoka. Kesho yake ikaja tena, saa moja. Na keshokutwa.

Fundi aliketi juu ya gunia la mchele akalia, na hakuona haya. Mtoto hataki kusema naye, sawa, lakini anakuja. Kila jioni anakuja kumtazama mama yake, anachungulia nyumbani, anaondoka kimyakimya. Nani amlaumu kwa kutotaka kusema? Akamtungia amri yake ndogo, akaiita "nani". Ukiiandika "nani" kwenye skrini nyeusi, inakupa siku, saa na anwani, basi. Yale makorokoro mengine yote yanayofuata kwenye mstari aliyakata. Alipenda mambo safi, tangu enzi za nguzo. Waya uliozidi huukata.

Ikawa ndiyo maisha yake. Saa moja ikikaribia, alichukua kikombe cha chai na kigoda akaingia stoo. Dada yake aliiita ibada. "Msimwite sasa," aliwaambia wateja mlangoni, "Kaka yuko kwenye ibada yake." Fundi aliandika "nani", akasubiri, na mstari ulipochomoza alisema polepole, "Karibu, mama," kama alivyozoea kumwita binti yake tangu akiwa wa kubebwa. Kisha akanywa chai yake.

Akaanza kumwekea vitu. Geti lilipopakwa rangi, alipiga picha akaweka. Paka alipozalia kwenye kapu la nguo, akaweka. Aliweka picha ya shangazi mtu akiwa amesinzia mdomo wazi, akijua binti atacheka mpaka ashike mbavu. Alichukua muda mrefu kuchagua, akavaa shati safi siku aliyojipiga picha mwenyewe. Mgeni hakuwahi kufungua hizo nyingine. Alifungua ule ukurasa wa kwanza tu, wa mama. Fundi akajipa sababu. Bado ana uchungu, alijiambia, kwanza mama, sisi wengine tutafika. Mara chache anwani ilibadilika, akajua amehama nyumba, na moyo ukamsumbua: kahamia wapi, kuna baridi, majirani wakoje? Lakini hata nyumba mpya, saa moja, huyo hapo. Alipokuwa akisikia wazee wenzake wakilalamika kwamba watoto wao wamewasahau, Fundi alinyamaza kwa raha ya mtu mwenye akiba nyumbani.

Kwa ajili ya mgeni huyo, mashine haikuruhusiwa kuzimika. Alifunga betri kubwa za kuibeba umeme ukikatika. Alikataa hata kuiwasha upya, yeye aliyehubiria mtaa mzima kusasisha mifumo yao kila mara. Vipi binti akija akute mlango umefungwa? Anaweza kudhani amefungiwa.

Aliyeyafumua yote hakuwa na nia mbaya. Alikuwa fundi mwenzake, mwanamke mwenye mdomo mwepesi aliyekuwa akifunga kamera za ulinzi madukani, na kwa hiyo mtaa ulimwita Kamera. Alikuja mchana mmoja na ngazi yake begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuazima au kurudisha?"

"Kuazima. Koleo lako la kubania vichwa vya kebo. Langu limeanza kutafuna."

"La kwako halijawahi kubana, ni wewe hukutaka kunisikia." Fundi akampeleka stoo, akaanza kupekua sanduku. Kamera akawa anasoma skrini, maana watu wa kazi hii hawawezi kuiona skrini ya mwenzao wakaacha kuisoma.

"Mzee! Hii mashine umeiwasha upya lini?"

"Haijazimika tangu msiba wa mke wangu," Fundi akasema, na kifua kikamjaa kidogo.

"Na unajisifu! Matundu yote ya wezi wa mtandao yaliyozibwa huko duniani tangu wakati huo, kwako yako wazi. Masasisho umeyapakua, yanasubiri uiwashe upya yafanye kazi. Si ndiyo wewe uliyenigombeza mbele ya mteja wangu kwa kosa hilihili?"

"Ndiyo mimi."

"Sasa?"

Fundi alimpa koleo, akafunga sanduku. Hakuwa amemwambia mtu, hata dada yake. Pengine alikuwa amechoka kulibeba peke yake, au pengine furaha nayo hutaka shahidi. "Kuna mtu anakuja kila jioni," akasema. "Binti yangu. Sitaki akute pamefungwa."

Uso wa Kamera ukalegea. "Ah. Basi rahisi, mzee wangu. Tutafute saa ambazo haji, tuiwashe upya hapohapo, dakika chache tu. Atajuaje?" Akavuta kigoda, akaketi. Hakuijua amri ya "nani". Aliyafungua maandishi ya seva kama yalivyo, mistari mirefu inayojaza skrini toka ukingo hadi ukingo, akaitenga ile ya anwani za kule.

"Anakuja saa moja," akasema.

"Saa moja."

"Hapana, mzee, namaanisha saa moja kamili. Sekunde ileile. Kila siku."

"Nimemlea kwa saa," Fundi akasema. "Mtoto wa fundi simu huyo. Wewe umelelewa kwa kuchelewa."

Kamera hakucheka. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, mwisho kabisa wa mstari.

"Mzee, hapa mwisho kila anayekuja hujitaja. Simu hujitaja ni simu gani, kompyuta hujitaja. Huyu anajitaja 'hodi'. Unaijua programu inaitwa hodi?"

Fundi aliijua. Aliiandika mwenyewe.

Ilikuwa alasiri ya safari ya kwanza ya binti, nyumba imejaa masanduku na mama mtu anagombana na mizani. Fundi alitaka binti aweze kuingia kwenye mtandao wa nyumbani akiwa kokote, kwa njia yao wenyewe, bila kupita kwa mtu. Akachukua kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, akaivalisha kasha la sabuni, akaandika haraka haraka maelekezo machache: kila siku, saa moja za nyumbani, bisha hodi kwenye ukurasa wa kwanza, uone kama njia iko wazi. Akampa. "Kichomeke kwenye ruta ya huko. Usikizime," akamwambia. Halafu akasahau, kama anavyosahau mpishi chumvi aliyoitia kwenye mchuzi wa mwaka jana. Ukurasa ulipokuja kupata picha ya marehemu juu yake, hodi haikujua. Iliendelea kubisha palepale.

Hakuwa binti. Hakuwahi kuwa binti, hata jioni moja. Ilikuwa mashine ikibisha hodi kwa mashine, na yeye katikati na kikombe cha chai, akisema karibu mama. Na jibu lilikuwa pale tangu siku ya kwanza, mwisho wa kila mstari, kwenye ule mkia alioukata kwa mkono wake ili mambo yawe safi.

"Haimaanishi haangalii," Kamera alisema upesi. "Anaweza kuwa anaangalia kwa njia nyingine, mzee, watu siku hizi—"

"Koleo unalo," Fundi akasema. "Nenda, mwanangu. Mteja anakungoja."

Kamera akaenda, ngazi ikigonga mlango, na akasahau kuaga.

Fundi alibaki amesimama. Aliwaza picha zote zile. Geti, paka, shati lake safi. Hakuna aliyeziona. Alikuwa akizungumza na chumba kitupu kama wale watu wanaosemwa mtaani. Aibu ndiyo iliyotangulia, ikamchoma masikio. Nyuma ya aibu ikaja ile nyingine, kubwa, aliyokuwa ameizuia mlangoni muda wote huo kwa mstari mmoja wa jioni: binti yake alikuwa amekwenda, kweli amekwenda, na yeye aliyemfukuza kwa sentensi moja ya kipumbavu hakuinua hata simu, kwa kuwa alidhani wanaonana kila siku. Alimtamani kwa mwili mzima. Alitamani sauti yake, hata ikimgombeza. Alitamani kusikia vile anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo lisilopendeza.

"Una nini?" dada yake akauliza alipompita jikoni.

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu hana uso huo, Kaka."

Fundi alikwenda uani, akakaa mpaka jua likashuka, na saa moja ilipokaribia, miguu ikataka kumpeleka stoo kama ilivyozoea. Akaenda. Hakuchukua chai. Alisimama mbele ya mashine iliyokuwa ikinguruma kwa upole na vitaa vyake, haina hili wala lile, ikijiandaa kupokea hodi. Hakuweza kuvumilia kuuona ule mstari ukichomoza tena. Alizitoa betri kwanza. Kisha yeye, aliyewakemea watu wazima kama watoto kwa kosa hilo, hakuiaga mashine wala hakuipa nafasi ya kufunga mambo yake. Alishika waya akaung'oa ukutani.

Stoo ikawa kimya. Hakuwahi kuisikia ikiwa kimya tangu mkewe alipokuwa akiingia mle kuchota unga. Akafunga mlango, akaenda kukaa sebuleni bila kuwasha taa, na dada yake, ambaye ana akili yake, akamwacha.

Simu iliita wakati dada anapakua chakula. Fundi aliiacha ilie. Alijua ni mteja, mtu ambaye ruta yake iko kabatini. Ikakata, ikaita tena. Dada akaja akaitazama, akaweka mwiko chini, akampa bila kusema neno.

"Baba?"

Fundi aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Baba! Ni wewe? Sema kitu!"

"Ni mimi."

Akasikia pumzi ikishushwa kule upande wa pili, ndefu, na baada yake kilio cha mtu anayejaribu kutolia. "Nilidhani umekufa," binti akasema. "Nimeingia toka kazini nikakuta taa nyekundu. Nikasema Baba kafa, na hakuna aliyeniambia."

"Taa gani?"

"Ya kile kidude chako. Cha kasha la sabuni." Akapenga kamasi. "Si ulikifunga taa wewe mwenyewe? Kijani kama nyumbani kunajibu, nyekundu kama hakuna. Haijawahi kuwa nyekundu. Toka mazishi ya Mama, Baba, haijawahi, hata siku moja."

Fundi alikumbuka taa. Aliiunga dakika za mwisho, mama mtu akimwita kwenye gari, ili tu aliyeko kule ajue kama kidude ki hai. Haikuwa na maana nyingine.

"Unayo bado," akasema.

"Nitakitupa wapi? Uliniambia nisikizime. Nimehama nacho kila nyumba, nakichomeka kabla ya kitanda kufika. Nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, nakitazama. Kijani. Basi nasema, Baba yupo, ameamka, ameitunza mashine yake, hana shida." Sauti ikapungua. "Hana shida na mimi. Nikawa sipigi."

Kwenye giza la sebule Fundi alitaka kumwambia kuhusu jioni zake, kuhusu "nani", kuhusu karibu mama.

"Mimi pia nilidhani wewe huna shida," hatimaye akasema, na hilo dogo tu lilimtoa jasho.

"Mashine imekufa?"

"Nimeing'oa waya."

"Wewe?" Kilio na kicheko vikagongana kule. "Wewe umeng'oa waya? Shangazi yuko wapi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nilikasirika."

"Na mashine?"

"Na mimi mwenyewe."

Binti akavuta ile pumzi yake. Fundi akajikaza kupokea. Lakini alichosema kilikuwa, "Iwashe, Baba. Nipo hapa nimekaa chini mbele yake, bado na koti. Nataka niione ikigeuka. Sikati simu."

Basi akaenda stoo, simu sikioni, dada yake akimfuata kwa mbali na kibatari cha udaku machoni. Akarudisha betri, akarudisha waya, akabonyeza. Mashine ikashtuka ikaanza kunguruma. Kwenye skrini nyeusi ikaja ile mistari aliyoitarajia: mfumo haukufungwa vizuri, diski inakaguliwa, subiri.

"Inakagua diski," akamwambia. "Nimeizima vibaya, lazima iikague yote."

"Itachukua muda?"

"Ni diski kubwa."

"Sawa," binti akasema, na akasikika akiegemea kitu. "Bado inabisha huku. Ikikosa jibu haikomi, inapiga tu. Shangazi hajambo?"

Hajambo, Fundi akasema, anasinzia mdomo wazi. Binti akacheka, siyo mpaka kushika mbavu, lakini akacheka. Akauliza geti ni la rangi gani sasa, kwa kuwa alikuwa ameliota la zamani. Fundi akamweleza rangi, akamweleza na fundi rangi alivyoacha upande mmoja. Akamwuliza kuhusu meno. Binti akamsimulia mteja aliyerudisha meno ya mbele akidai yanamfanya aonekane mkweli mno kwa kazi yake ya kuuza magari. Fundi alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Asilimia zilikuwa zinapanda kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kushika kompyuta aliomba diski iwe na makosa mengi.

Ilikuwa nalo moja. Mashine ikasimama, ikaandika kwamba imeona kosa, na ikauliza kama ilirekebishe iendelee. Ilihitaji herufi moja tu kutoka kwake. Akiibonyeza, ingenyanyuka, ingeijibu hodi, kule ng'ambo taa ingegeuka kijani, na binti angesema haya, Baba, nashukuru, akainuka kuvua koti.

"Bado?" binti akauliza.

Fundi alikitazama kialama cha skrini kikipepesa, kikimngoja. Akaondoa mkono kwenye kibodi, akaukalia.

"Bado, mama," akasema. "Bado inakagua. Huyo muuza magari, endelea, akasemaje?"